Alama ya Uongo Kwenye Puli

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika karakana ya serikali mjini Kisii nikiwa nimevaa tai. Nalisema hili mapema kwa sababu wenzangu hawakuniacha nilisahau, na heri mlisikie kutoka kwangu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Nilikuwa na digrii ya uhandisi wa mitambo, viatu vilivyong'aa, na tabia moja iliyowachosha walimu wangu wote wa chuo kikuu: sikukubali jambo lolote mpaka nilione limepimwa. Mtu akiniambia mvua itanyesha, nilimwuliza amejuaje. Kisii mvua hunyesha karibu kila alasiri, kwa hiyo swali hilo lilinifanya nionekane mjinga kabla wiki haijaisha.

Mkuu wa Karakana alikuwa mtu mfupi wa kaptura za kaki na soksi ndefu. Alizungumza kana kwamba kila neno analituma kwa telegramu.

"Umesomea nini?"

"Uhandisi wa mitambo, bwana."

"Unaweza kufungua plagi?"

"Naweza kueleza jinsi plagi inavyo..."

"Sikuuliza kueleza. Nenda kwa Nyakundi."

Mzee Nyakundi alikuwa Fundi Mkuu, mtu mrefu mwenye masikio makubwa na ovaroli iliyofuliwa mpaka rangi ikakimbia. Nilimkuta ameinama juu ya injini inayonguruma, macho ameyafumba. Nilidhani anasali. Kumbe alikuwa anasikiliza. Alipofumbua macho aliniangalia kuanzia viatu hadi shingoni, akasema kwa Kiswahili, maana alikwisha kuambiwa kwamba mimi ni mtu wa upande wa ziwa na Ekegusii, lugha ya wenyeji wa Kisii, sikijui:

"Karibu, Injinia. Lakini hiyo tai, ukiinama hapa feni itaikula. Halafu tutaandikia wazazi wako barua gani?"

Karakana nzima ilicheka. Nilivua tai.

Nyinyi mliozaliwa wakati kompyuta ndogo ndani ya gari inafanya kazi hii bila kumwuliza mtu, niwaeleze ilivyokuwa. Injini ya petroli hubana hewa na petroli ndani ya silinda, kisha plagi hutoa cheche na kuviwasha. Moto huenea upesi, lakini hata upesi huo ni muda. Kwa hiyo cheche lazima itoke kidogo kabla pistoni haijafika juu kabisa, ili moto ukikolea, pistoni iwe ndiyo kwanza inaanza kushuka, isukumwe kwa nguvu zote. Cheche ikichelewa, nguvu inapotelea kwenye bomba la moshi, injini inachemka, na petroli inakwisha bure. Ikiwahi mno, moto unaikuta pistoni bado inapanda, na utasikia sauti kama punje za mahindi zikimwagwa juu ya bati. Mafundi waliita hiyo kugonga. Kutafuta mahali pa katikati, ndiyo kazi tuliyoiita taimingi.

Gari la silinda nne lilikuwa na huruma. Ulilikosea kidogo na likakubeba hivyo hivyo. La silinda sita lilikuwa kama kwaya. Likiwa sawa, ungeweza kusimamisha sarafu juu ya injini isianguke. Kando ya injini hiyo palikuwa na distributa, kopo lenye kifuniko cheusi na nyaya saba. Ndani yake rota ilizunguka ikigawa umeme kwa zamu: silinda ya kwanza, ya tano, ya tatu, ya sita, ya pili, ya nne. Mpangilio huo niliuimba kichwani kama wimbo wa Shule ya Jumapili, na hata leo nikikosa usingizi siwahesabu kondoo. Chini ya rota kulikuwa na pointi, vyuma viwili vidogo ambavyo vikiachana, cheche hutoka. Kwanza ulizisafisha pointi na kupima nafasi yake kwa bamba jembamba la chuma. Kisha ulilegeza bolti moja na kulizungusha kopo zima: kinyume cha mzunguko wa rota, cheche inawahi; kuifuata rota, inachelewa. Upana wa ukucha tu ulitosha kuleta tofauti.

Utajuaje umefika? Hapo ndipo mimi na Mzee Nyakundi tulipoanza ugomvi wetu.

Mimi nilikuja na taa ya taimingi, ya kwanza kuonekana katika karakana ile. Ilimulika kila mara silinda ya kwanza ilipopata cheche. Uliielekeza kwenye puli ya mbele, ile inayozungusha mkanda wa feni, ambayo ina mstari uliochongwa kiwandani. Kwa mwanga ule wa kukatika-katika, mstari ulionekana umesimama tuli ingawa puli inazunguka kwa kasi, nawe ukausoma dhidi ya vipimo vilivyo kwenye injini. Kitabu kilisema digrii ngapi, uliweka digrii hizo, ukafunga bolti, ukanawa mikono.

Mzee Nyakundi hakuwa na taa. Alilegeza bolti, akafumba macho, akazungusha kopo kwa vidole viwili mpaka injini iimbe alivyotaka. Kisha alilipeleka gari kilimani, kwenye mwinuko wa kuelekea Manga, likiwa na mzigo. Kanuni za karakana zilitaka mzigo wa magunia ya mchanga. Mzee aliona ni dhambi kupandisha mchanga mlimani na kuushusha tena, hali kuna akina mama wametoka sokoni na wanaelekea huko huko kwa miguu. Kwa hiyo gari la majaribio lilijazwa akina mama, mikungu ya ndizi, viazi na kuku. Mkuu wa Karakana, kila lilipopita langoni, alikuwa na jambo la kuangalia upande mwingine.

Nililipinga jambo hili kwa nguvu zote za elimu yangu.

"Mzee, uzito huo haujulikani! Leo mama watano, kesho saba. Utalinganishaje?"

"Mlima unajua uzito wake," alinijibu. "Na hawa mama wamepanda magari yangu kuliko wewe. Waulize."

Niliwauliza kwa dharau. Mama mmoja aliyekuwa na kuku mapajani alisikiliza kidogo tulipofika kwenye kona kali, akasema, "Fundi, leo inatafuna mahindi." Nami, baada ya sekunde mbili nzima, nikaisikia injini ikigonga. Mzee alisimamisha gari, akafungua boneti, akalegeza, akarudisha kopo nyuma kiasi cha unywele. Tulipoondoka tena yule mama aliitikia kwa kichwa: "Sasa iko sawa. Twende, kuku yangu imechoka."

Msidhani nilimwona Mzee Nyakundi kuwa nabii. Alikuwa na imani zake. Alichemsha plagi kuukuu kwenye maji ya magadi, akidai zinarudi ujana. Nilichukua plagi kumi na mbili, nikachemsha sita, nikaacha sita, nikazipima zote. Hakukuwa na tofauti yoyote isipokuwa zile sita zilikuwa safi. Nilimwonyesha. Alizitazama, akasema, "Safi si kitu?" Tukaendelea kubishana hivyo kwa mwaka na zaidi, na nakiri kwamba sijawahi kufurahia kazi kama nilivyoifurahia wakati ule.

Kisha nikapewa kituo changu mwenyewe. Nyamira wakati huo ilikuwa tarafa tu ya Wilaya ya Kisii, na karakana yake ndogo ilikuwa banda la mabati lenye mafundi wawili, shimo moja la kuingilia chini ya magari, na meza. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi. Mkuu wa Karakana alinipa maagizo ya uhamisho kwa maneno tisa: "Magari machache. Milima mingi. Ripoti kila Ijumaa. Usiimbe, andika."

Gari lililoniumiza kichwa Nyamira lilikuwa la kliniki. Lilikuwa gari kubwa lililofungwa nyuma kama kisanduku, injini ya silinda sita, limetembea miaka mingi. Kila wiki lilizunguka vijiji vya milimani, likapita Manga mpaka Marani, likiwa na muuguzi, sanduku la barafu la chanjo, mizani ya watoto na kitanda kimoja cha kukunja. Muuguzi mwenyewe aliitwa Sista Moraa. Hakuwa mtawa, wauguzi wote tuliwaita masista. Alikuwa mkunga pia, mwanamke mwenye sauti ya kutosha uwanja wa shule, na hakuwa na muda wa kupoteza.

Aliliacha gari kwangu Jumatatu kwa huduma ya kawaida. "Badilisha oili," alisema. "Mengine yote Mzee Nyakundi ameshaweka vizuri. Usichokonoe."

Kumwambia mtu kama mimi asichokonoe! Mara alipogeuka niliunganisha taa yangu na kuielekeza kwenye puli. Nilichoona kilinichekesha kwa sauti, mafundi wangu wakaja kutazama. Mstari haukuwa hata karibu na mahali unapostahili. Kwa mujibu wa taa, cheche ilikuwa inawahi mno, mara mbili na nusu ya kile kitabu kilichosema. "Tazameni," niliwaambia, "haya ndiyo masikio ya mzee." Nikalegeza bolti, nikalirudisha kopo mpaka mstari ukasimama pale pale panapotakiwa, nikafunga. Nilihisi nimeitendea sayansi wema.

Jumanne Sista alirudi kwa miguu. Gari lilikuwa limekwama nusu ya mwinuko, rejeta inatoa mvuke kama sufuria ya githeri, na dereva amekaa juu ya jiwe.

Tulilivuta mpaka karakana. Nilipima tena taimingi: sawasawa na kitabu. Nikapima kabureta: sawa. Nikachukua geji ya kupimia mbano wa silinda, ambayo unaiweka mahali pa plagi na kuzungusha injini. Zote sita zilisoma chini ya kile kitabu kilichotaka, na zote karibu sawa. Basi nikapata jibu langu: injini imechoka. Mzee Nyakundi alikuwa akiificha uchovu wake kwa kuwahisha cheche, kama mtu anayempiga ng'ombe mzee mjeledi ili alime. Niliketi mezani nikaandika ripoti ya kuliondoa gari kazini. Nilieleza vizuri, kwa vipimo, kurasa mbili. Ripoti ile ikienda Ijumaa na Mkuu wa Karakana, ambaye ndiye aliyekuja kuzichukua, gari lingeegeshwa uani Kisii kusubiri mnada, na gari jingine lisingekuja mpaka bajeti nyingine, kama lingekuja.

Sista Moraa aliisoma ripoti Jumatano akiwa amesimama. Aliisoma yote. Akaikunja, akaniwekea mezani.

"Injinia, nikuulize. Jumapili iliyopita gari hii ilipanda Manga na watu tisa. Ndiyo?"

"Nimeambiwa hivyo."

"Jumatatu ukaigusa. Jumanne haikupanda na watu watatu. Sasa mgonjwa ni nani, gari au daktari wake?"

"Sista, vipimo vinaonyesha..."

"Wacha vipimo. Mtu akija kwangu anatembea, nikamdunga sindano, akalala chini, mimi siandiki cheti cha kifo. Nauliza nilimdunga nini!" Sauti yake ilikuwa imewatoa mafundi wawili chini ya gari jingine. "Kuna mama huko juu Manga wananingojea Jumatatu. Wengine siku zao zimefika. Utawabeba wewe? Kwa digrii?"

Alipoondoka, fundi mmoja alisema polepole, kana kwamba anazungumza na spana yake: "Mzee Nyakundi husema meno ya mtu hayang'oki yote siku moja."

Nilimwuliza maana yake nini.

"Silinda sita, bosi. Zimechoka zote sawasawa? Injini ikizeeka, moja huenda kwanza, halafu ingine."

Nilienda kukaa juu ya tairi kuukuu nyuma ya banda, mvua ikipiga bati, na nikajaribu kufikiri kwa uaminifu. Hoja ile haikuwa na pengo. Mbano ulio chini kwa usawa katika silinda zote hausemi injini imechoka. Unasema kitu kinachozigusa zote pamoja. Hewa, kwa mfano. Kitabu changu kiliandikwa na watu waliokaa karibu na usawa wa bahari, na mimi nilikuwa nimeketi juu mlimani ambako hewa ni nyepesi. Silinda ilikuwa inabana hewa kidogo kwa sababu hewa yenyewe ni kidogo! Jambo hilo nililifanyia mtihani chuoni nikapata alama nzuri.

Na kulikuwa na swali la pili, baya zaidi. Kama cheche kweli ilikuwa inawahi kiasi kile kabla sijaigusa, injini ingepaswa kugonga kama mvua ya mawe. Haikugonga. Sista hakulalamika, dereva hakulalamika, wala wale akina mama wa kuku. Nilikuwa nimeshuku masikio ya mzee, plagi za magadi, uzito wa ndizi na kauli za waziri redioni. Kitu kimoja tu sikukishuku: mstari uliochongwa kwenye puli. Kwa nini? Kwa sababu ulichongwa kiwandani.

Alhamisi asubuhi nilitoa plagi ya silinda ya kwanza. Nilitaka kuijua pistoni yenyewe iko wapi inapofika juu, bila kumwuliza mstari. Kwa hiyo nilihitaji kijiti cha chuma kirefu, chembamba na kilichonyooka cha kuteremsha kwenye tundu la plagi. Nilikuwa nikitafuta waya wa baiskeli Sista Moraa alipofika kuchukua mizani yake ya watoto, uso umefungwa kama duka siku ya Sabato. Aliniona nikihangaika.

"Unatafuta nini tena humo?"

Nilimweleza. Sikupamba, nilimwambia huenda nimekosea. Alifungua mkoba wake akatoa kazi ya kufuma, shali ndogo ya mtoto mchanga, akachomoa sindano moja ya chuma.

"Ukiipotezea ndani utanunua zote mbili. Na mimi nitaishika. Wewe shika chaki."

Basi fundi alizungusha injini polepole kwa spana kubwa, Sista akashika sindano ikipanda na kushuka, mimi nikiwa nimepiga magoti mbele na chaki. Mtakaotaka kujaribu, jueni kwamba pistoni ikifika juu hutulia kidogo, na huwezi kujua kwa hakika kilele ni wapi. Dawa yake ni hii: weka alama kwenye sindano, zungusha mpaka pistoni inapopanda ifike alama hiyo, chora puli, endelea mpaka inaposhuka ifike alama ile ile, chora tena. Kilele cha kweli ni katikati ya michoro miwili.

"Inapanda... inapanda... simama!" Sista alipaza sauti. "Nimesema simama, wewe, unasukuma kama unapika ugali! Rudi kidogo. Hapo."

Nilichora. Tukaendelea. Nikachora tena. Nikapima katikati kwa kamba.

Mstari wa kiwandani ulikuwa mbali na kilele cha kweli, upana wa vidole viwili vizima.

Puli ya injini hizo, nieleze, si kipande kimoja. Ni chuma cha ndani na pete ya chuma ya nje, na katikati yake kuna mpira wa kumeza mtikisiko. Mpira ule ulikuwa umezeeka, ukalowa oili, na pete ya nje ilikuwa imeteleza nyuma kidogo kidogo, miaka na miaka, ikiuchukua mstari pamoja nayo. Taa yangu ilisema kweli. Kitabu kilisema kweli, kwa watu wake. Mstari ndio ulikuwa muongo, na kwa kuufuata nilikuwa nimeichelewesha cheche mpaka gari likafa miguu.

Nilimweleza Sista. Alichukua sindano yake, akaifuta kwa kitambaa.

"Kwa hiyo gari ni mzima."

"Ni mzima."

"Na daktari?"

"Anaendelea vizuri," nilisema, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akicheka. Walimsikia mpaka sokoni.

Ijumaa Mkuu wa Karakana alifika na Mzee Nyakundi pembeni yake. Nilikuwa nimepaka alama mpya kwa rangi nyeupe na kuweka taimingi kwa taa, digrii za kitabu.

"Ripoti?" alisema Mkuu.

"Nimeichana, bwana."

"Karatasi ya serikali haichanwi."

Nikamweleza yote, mbele ya mafundi na mbele ya Mzee, kuanzia kicheko changu cha Jumatatu. Mzee Nyakundi alipiga magoti mbele ya ile puli, akaigusa pete ya nje kwa kidole, akaanza kutikisika mabega. Alikuwa anacheka.

"Miaka yote hii nilijua huu mstari ni muongo," alisema. "Sikujua ulidanganya kwa nini."

"Kwa nini hukuniambia, Mzee?"

"Uliniuliza? Momura, kijana wangu, umeniuliza mambo yote ya dunia. Umeniuliza mpaka kuku ya mama fulani ina kilo ngapi. Hii hukuuliza. Ulikuwa ukiyacheka tu masikio yangu, na mtu akicheka, mimi humwacha amalize."

Mkuu wa Karakana alitazama saa. "Mlimani," alisema.

Ilikuwa siku ya soko, kwa hiyo mzigo haukukosekana. Kwa alama yangu mpya na digrii za kitabu gari lilipanda vizuri, lakini kwenye kona kali lilisita, dereva akashuka gea. Mzee aliomba lisimame. Akalegeza bolti, akafumba macho, akawahisha cheche upana wa ukucha, akafunga. Tulirudi chini tukapanda tena. Safari hii lilipita kona kwa gea ile ile, linaimba, akina mama wakaanza kuimba nalo, na mkungu mmoja wa ndizi ukamwangukia Mkuu wa Karakana mapajani. Aliushikilia mpaka juu.

Pale juu nilipima kwa taa mahali alipopaweka Mzee, nikaandika. Ule ukucha ulikuwa ndio hewa ya mlimani: hewa nyepesi huwaka polepole, kwa hiyo hutaka cheche iwahi kidogo. Mimi nilijua sababu yake, yeye alijua mahali pake.

"Andika ripoti nyingine," Mkuu aliniambia tuliporudi. Nilichukua kalamu. Akasoma imla, kwa maneno sita tu: "Injini nzima. Puli ibadilishwe. Mhandisi amerekebishwa."

Jumatatu gari lilikwenda Manga. Wiki chache baadaye, likishuka kuelekea Marani, lilimbeba mama aliyekuwa ameanza uchungu ili apelekwe hospitali, na mtoto akakataa kungoja hospitali. Sista Moraa alimwambia dereva asimamishe gari kando ya barabara ila asizime injini, maana alitaka joto. Dereva aliniambia baadaye kwamba lilinguruma muda wote bila kukosa hata mpigo mmoja. Mtoto alikuwa wa kike. Abagusii mtoto aliyezaliwa njiani humwita Nyanchera, na wakamwita hivyo.

Nilihamishwa mara kadhaa baada ya hapo. Nilikaa Kenyenya, nikarudi Kisii, na mwishowe nikavaa mimi mwenyewe cheo cha Mkuu wa Karakana, ingawa kaptura nilikataa. Mzee Nyakundi alistaafu kabla yangu, na mpaka siku yake ya mwisho alichemsha plagi kwa magadi. Kila kijana aliyeletwa kwangu na cheti, nilimpa sindano ya kufumia na chaki kabla ya kumpa taa. Wengi walidhani nawatania.

Sasa nimestaafu, na magari ya leo hayana kopo la kuzungusha. Wako wanaosikitika. Mimi sisikitiki, kompyuta inajua hewa ya mlima kuliko kitabu changu kilivyojua, na haina haja ya akina mama wa sokoni. Ila vijana wa gereji wakinionyesha namba kwenye kioo cha kompyuta, bado nawauliza namba hiyo imetoka kwa nani, na nani alimpima huyo. Wengine hukasirika. Wachache huenda kutazama. Hao wachache nawapenda mno.

Siwezi kujisifu kwa kuliokoa gari lile, kwa kuwa mimi ndiye niliyetaka kuliua. Kama ningeituma ripoti yangu nzuri ya kurasa mbili, hakuna ambaye angejua kosa. Karatasi ingekuwa safi, na akina mama wangetembea. Hilo ndilo linalonifanya bado nitake kuhakikisha, kila mara, hata nikiwa na uhakika. Hasa nikiwa na uhakika.

Nyanchera ni mtu mzima siku nyingi. Ana meza yake ya ndizi pale Marani, na huwa napita kununua. Mara moja nilimsimulia habari hii yote, kuanzia mstari, puli, mpaka mlima, nikidhani labda nitapunguziwa bei kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Buya mono, mogaka. Asante sana, mzee," alisema. "Lakini gari ilikuwa ya serikali. Ndizi ni zangu."